Barua ya Wazi kwa Mjomba Wangu Kuhusu Kombe Ulilosema Liliokotwa

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limepungua maumivu tangu tulipoachana. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu neno ulilolisema sebuleni kwako lilisikiwa na watu wengi, wakiwemo vijana wanaokuamini kwa kila jambo linalohusu magari, na nisingependa walichukue kama lilivyo. Ulisema kwamba Oscar Piastri aliuokota ubingwa wa Formula 3 wa mwaka 2020, na kwamba kama Logan Sargeant asingegongwa katika mzunguko wa kwanza wa mbio za mwisho, Mwaustralia yule asingekuwa na kombe la kutuonyesha. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe, na hoja zangu nimezitoa katika daftari lile la kijani ulilonikuta nalo siku ile, ambalo niliandika humo alama za kila wiki.

Kwa wasomaji wengine niseme kwanza kwamba hii ni ngazi ya vijana wanaoitafuta Formula 1. Magari ni ya kiti kimoja, matairi yako wazi, na yote ni ya aina moja: bodi ya Dallara, injini ya Mecachrome ya lita 3.4, tairi za Pirelli. Zilikuwapo timu 10, kila moja na magari 3, na hakuna iliyoruhusiwa kununua injini kubwa kuliko ya jirani. Msimu ulikuwa uanzie Bahrain mwezi Machi, Uviko-19 ikauzuia, ukaja kuanza Julai 4 huko Red Bull Ring, Austria, na kumalizika Septemba 13 huko Mugello, Italia. Mbio 18 zilibanwa ndani ya wiki 10. Kijana aliyekosea Jumapili alikuwa na siku chache tu za kulala na kosa lake kabla ya kurudi tena barabarani.

Sasa nikurudishe Monza, uwanja mwingine wa Italia, kwa sababu hapo ndipo ninapoamini kwamba kombe lilipatikana, wiki moja kabla ya tukio unalolisema wewe. Sargeant aliingia Monza akiongoza kwa alama 7: yeye 152, Piastri 145. Piastri alianza mbio za Jumamosi akiwa wa 15. Mjomba, mtu aliyeanza wa 15 pale, mbele yake magari 14 yakifunga breki kwa pamoja kuelekea kona ya kwanza iliyo nyembamba, kwa kawaida huomba tu atoke na bawa lake la mbele likiwa zima. Piastri alimaliza wa 3, akachukua alama 15. Sargeant alitoka Monza bila hata alama moja kwa siku zote mbili. Katika daftari, safu yake ina sifuri mbili zinazofuatana, na nakumbuka kalamu yangu ilisita kabla ya kuandika ile ya pili, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kumpenda kijana yule wa Florida.

Na usisahau lililotokea siku iliyofuata. Katika mbio za Jumapili pale pale Monza, Piastri naye aligongana na dereva mwingine na kutoka mikono mitupu. Kama tunahesabu ajali ya Sargeant ya Mugello, ni haki tuihesabu na hiyo. Ulipokuwa ukilalamika hukuitaja, nami nadhani ni kwa sababu haikutokea siku ya mwisho, wakati macho yote yalikuwa hapo.

Mugello yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi Piastri alimaliza wa 11, hakupata kitu, akabaki na alama zake 160. Sargeant alimaliza wa 6, akapata 8, naye akafikisha 160. Théo Pourchaire, Mfaransa aliyekuwa ametimiza miaka 17 mwezi uliotangulia tu, alimaliza wa 3 na kufika 151. Jumapili asubuhi, basi, wawili walikuwa sawasawa na wa tatu yuko nyuma yao kwa alama 9, huku mshindi wa mbio hizo za Jumapili, zenye alama chache kuliko za Jumamosi, akitarajiwa kupata 15. Sargeant alianza wa 5 na Piastri wa 11. Mzunguko wa kwanza haukuisha kabla ya gari la Lirim Zendeli kugusana na la Sargeant, na safari ya Sargeant ikakomea hapo. Wewe ulipiga paja na kusema, "Basi, wamempa." Lakini hakuna aliyempa Piastri chochote wakati ule. Pourchaire alikuwa bado anakimbia mbele yake, na kama angeshinda angefikisha 166. Piastri alipanda kutoka nafasi ya 11 hadi ya 7, akapata alama 4, akamaliza na 164. Pourchaire alikuwa wa 3, akaishia 161. Liam Lawson ndiye aliyeshinda mbio hizo.

Lawson alishinda mbio 3 msimu ule. Frederik Vesti, aliyekuwa timu moja ya Prema na Piastri na Sargeant, alishinda 3 vilevile. Piastri alishinda 2 tu, na katika mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia hakuwahi hata mara moja kuwa wa kwanza. Hata hivyo Vesti alimaliza wa 4 kwa alama 146.5 na Lawson wa 5 kwa 143, kwa kuwa kombe huenda kwa aliyekusanya alama nyingi msimu mzima, si kwa aliyeshinda mbio nyingi.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma mashindano namna hiyo. Nilipokuwa mdogo hukunisimulia mwendo kasi wa Safari Rally. Ulinisimulia mwaka 1968, matope yalipoyameza magari zaidi ya 80 na yakarudi 7 tu, na majina ya waliomaliza uliyataja kwa heshima ile ile, kuanzia Nick Nowicki na Peugeot 404 yake hadi wa mwisho. Hukuniambia kwamba Nowicki aliokota ushindi kwa kuwa wenzake walikwama.

Ninalokubaliana nawe kabisa ni uchungu wa Sargeant. Mwaka 2019 alikuwa amepata alama 5 kwa msimu mzima, na mwaka mmoja baadaye alikosa ubingwa kwa alama 4. Kisha fedha za kupanda Formula 2 zikakosekana, akalazimika kurudia Formula 3 mwaka 2021 na timu ndogo zaidi, wakati Piastri alipanda na kuchukua ubingwa wa Formula 2 mwaka huo huo. Hilo linaniuma mpaka leo, na kama ungesema kwamba mchezo huu huwaacha wengi njiani kwa sababu ya pesa, nisingeandika barua hii.

Nitakuja huko wakati wa Idi, Mungu akipenda, na daftari nitalileta. Ukurasa wa Monza nimeukunja pembeni ili usihangaike kuutafuta. Tafadhali vaa miwani yako uusome mwenyewe, halafu uniambie mbele ya vijana wale wale kama bado unashikilia neno lako.

Wako mtiifu,
Mpwa wako