Risala kwa Mgeni Rasmi: Mwalimu Fletcher na Soka ya Parramatta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazazi wetu, makocha na wachezaji wenzetu,

Sisi vijana wa kikundi hiki cha soka, ambao wazazi wetu wengi walitoka Kongo na Burundi nasi tukakulia hapa magharibi mwa Sydney, tunakukaribisha kwa heshima zote. Desturi ya risala ni kuanza na shida, lakini leo tumeona tuanze na mtu aliyeingia mji huu akiwa mgeni kama wazee wetu.

Mtu huyo ni John Walter Fletcher, aliyezaliwa London mwaka 1847, akahamia Sydney katika miaka ya 1870 na kufanya kazi ya ualimu. Alikuta mpira unachezwa, ila si huu wetu: Sydney ilikwisha kushikwa na ragbi, na Melbourne walikuwa na mchezo wao wenyewe waliouandikia kanuni mwaka 1859.

Tarehe 3 Agosti 1880 yeye na wenzake walikutana katika hoteli moja mjini, wakaunda klabu na kuiita Wanderers, yaani watu wa kutangatanga. Klabu ikapatikana, lakini wapinzani je? Ikabidi waazimwe kutoka mchezo mwingine. Siku 11 baadaye Wanderers walicheza na wanaragbi wa shule ya The King's School katika uwanja wa wazi wa Parramatta, huku huku magharibi mwa Sydney. Hebu fikiria, Mheshimiwa, kijana aliyezoea kuukumbatia mpira kifuani na kutimua nao mbio, siku hiyo anaambiwa asiuguse kwa mkono. Goli halikuwa na nyavu, na penalti ingebuniwa miaka 11 baadaye, hivyo aliyejisahau akaudaka aliwapa wapinzani frikiki tu.

Tuseme pia kwamba ardhi ile ilikuwa ya Waburramattagal, wenyeji wa asili wa hapa, ambao jina lao linatokana na samaki aina ya mikunga wa mto wa Parramatta. Fletcher naye alicheza katika uwanja wa watu, na wenyewe hawakuombwa ruhusa.

Kwa maoni yetu, sifa yake kubwa haitokani na mechi ile, kwani kwingine Australia watu walikwisha kuupiga mpira wa namna hii kabla yake. Sifa yake ni ya vikao na makaratasi. Mwaka 1882 alishiriki kuanzisha chama cha soka cha New South Wales, koloni lenye mji huu wa Sydney, na mwaka 1883 timu ya koloni hilo ikasafiri hadi Melbourne ikatoka sare ya 2-2 na timu ya koloni jirani la Victoria. Baadaye alifungua shule Katoomba, akawa hakimu, na akafariki mwaka 1918. Jina la klabu yake lilirudi mwaka 2012, Western Sydney Wanderers walipoanzishwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi nasi tuna mpira na wachezaji 23, na magoli yetu ya Jumamosi ni mabegi manne ya shule. Wapinzani bado tunawaazima: wadogo zetu, na wajomba wanaoomba kupumzika kabla ya nusu saa. Tunaomba utusaidie kupata uwanja wenye taa kwa jioni mbili kila wiki. Fomu ya kuingia ligi ya wilaya tumekwisha kuijaza na tumeiambatisha na risala hii. Nafasi iliyobaki wazi ni ya saini ya mlezi wa timu, na tunakuomba mlezi huyo uwe wewe.