Amisi, hiyo sebule ipunguze baba

Mwanangu Amisi, mwakeye. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimia anasema vaa sweta. Mvua zimeanza, migebuka imepanda bei, mengine mama yako atakwambia. Mi nimeamua kukuandikia kwa urefu sababu hili jambo kwenye simu silimalizi, nikianza koo linakaba alafu nakwambia haya baba tutaongea kesho.

Ramani ya hiyo nyumba unayotujengea Mwandiga, hapa Kigoma, nimeiona. Imechorwa vizuri sana, mi ni fundi, kazi nzuri naijua. Ila sebule futi 20 kwa 18, alafu dainingi pembeni 10 kwa 12, alafu masta moja na vyumba viwili vya 10 kwa 10 basi. Hapo ndo nimekwama.

Unakumbuka siku uliyonitumia picha ya chumba chako huko Leipzig, ukasema ni kidogo, mita 22 tu, na kwamba Mjerumani kwa wastani mtu mmoja ana kama mita 47 za mraba? Ukaniuliza, baba, na sisi tulikuwa na ngapi pale nyumbani Gungu. Nikakujibu sisi tulikuwa na ua mkubwa, tukabadilisha maneno. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikachukua tepu nikaingia kile chumba chenu, bibi yako akiwa nje anaota jua, nikapima. Futi 10 kwa 10 kamili, yaani mita 9 na kitu. Mlikuwa mnalala sita. Bibi na Zaituni kwenye kitanda, nyie wanne chini kwenye godoro la tano kwa sita, mzungu wa nne, miguu ya Rama usoni kwako. Ukutani kwenye plasta bado upo ule mstari mweusi, usawa wa godoro, pale vichwa vyenu vilipokuwa vinagusa kila usiku. Nimeshapaka chokaa mara mbili, unarudi.

Mita 9 na kitu gawa kwa sita, kila mtu mita moja na nusu. Mjerumani mmoja huyo wa wastani ana vyumba vitano kama kile, peke yake.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Mi hesabu hii niliijua tangu 2015. Ule mwaka wakimbizi Warundi walivyojaa Kagunga, kile kijiji cha mpakani ziwani, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, wanawekwa uwanja wa Lake Tanganyika alafu wanapelekwa kambi ya Nyarugusu, mi nilipata kibarua cha ujenzi kule kambini. Mwanzoni watu walirundikana kwenye mahema makubwa, familia na familia, pazia hakuna. Injinia mmoja akatueleza kwamba kiwango kinachotakiwa kwa mkimbizi ni angalau mita 3 na nusu za mraba kwa kila mtu, ndani, chini ya paa, na kwenye nchi za baridi kiwango kinapanda mpaka 4 na nusu au 5 na nusu maana kule watu wanapika na kuoga humohumo ndani. Sisemi wote kambini walikipata, ila kiwango ndo hicho. Nikawa napiga misumari huku nahesabu kichwani chumba chenu. Nikaona kwamba mtu aliyekimbia machafuko kwa mguu amepangiwa nafasi mara mbili na zaidi ya niliyowapa wanangu, na mimi sijakimbia kitu chochote. Nikarudi nyumbani Jumamosi, nikawakuta mmelala, nikakaa kimya. Nilikaa kimya miaka yote hii.

Alafu usifikiri nyumba ilikuwa ndogo kiasi hicho. Hapo ndo panaponiuma. Tulikuwa na vyumba viwili na sebule, watu wanane. Ukipima kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa, wale wanasema chumba kimoja kisizidi watu watatu, sisi tulikuwa sawa kabisa, wanane kwa vyumba vitatu, hatumo hata kwenye orodha ya waliobanana. Ila ukichukua kipimo cha Ulaya wanachohesabia huko uliko, kinasema chumba kimoja cha familia, kimoja cha mke na mume, kimoja kwa kila mtu mzima asiye na mwenza, vijana wa miaka 12 mpaka 17 wawili wawili kama ni jinsia moja, watoto wa chini ya 12 wawili wawili. Nimetupitisha humo: sebule, mimi na mama yako, bibi, wewe na Rama, Zaituni peke yake sababu alishafika 13, Mwajuma na Shabani. Vyumba sita. Tulikuwa navyo vitatu. Nyumba ileile, majibu mawili, sababu mmoja anahesabu vichwa tu na mwingine anauliza nani analala na nani. Na hilo la pili hata wazee wetu walikuwa wanaliangalia, binti akishavunja ungo halali na kaka zake, hatukuhitaji Mzungu atufundishe.

Na kuna kitu hakuna kipimo kinachokiona. Ile sebule usiku ilikuwa tupu. Makochi, kabati la vyombo vya wageni, kapeti, mlango nafunga mwenyewe kwa ufunguo, mtu asilale humo asije akachafua. Na mimi na mama yako wawili tulikuwa na chumba cha 10 kwa 12, kikubwa kuliko chenu nyie sita. Yaani nafasi ilikuwepo Amisi. Nilimwekea mgeni ambaye alikuwa anakuja Iddi mpaka Iddi, we ukawa unasoma kwa taa ya duka la jirani.

Mwaka uliofuata baada ya ule wa Warundi, bibi akaanza kukohoa. Dirisha lenu tulikuwa tunalifunga usiku sababu ya vibaka, hewa haitoki. Alipopimwa ni kifua kikuu, wakasema leteni wote wa chumba kile, Shabani naye akakutwa nao, miaka saba. Miezi sita ya dawa, kila asubuhi namwangalia anameza anatapika. Amepona, bibi amepona, Mungu mkubwa, ila kile kifua kilipita kwenye hewa ya chumba nilichowapanga mimi.

Ule ua niliokutajia ni kweli ulitusaidia, tulipika nje, tulikula nje, stori zote barazani, na huko kwenu kwenye theluji mtu anaishi ndani miezi, ndo maana mita zao usizilinganishe na zetu moja kwa moja. Lakini ua haulaliwi. Masika hayaulizi. Na utajiri wa nchi nao sio jibu peke yake, we mwenyewe ulinionyesha Hong Kong, zile fleti zilizokatwa vipandevipande, sensa yao ndogo ya 2016 ilikuta humo mtu wa katikati, yaani nusu wana zaidi yake na nusu pungufu, anaishi kwenye mita 5 na kidogo, mji wenye hela kiasi kile.

Sasa Mwandiga tutahamia nani na nani? Mimi, mama yako, bibi, Zaituni na wanawe wawili, Mwajuma, Shabani. Wanane tena. Nimekaa na ramani yako na penseli. Sebule ishuke iwe 14 kwa 12, dainingi itoke, tutakula ukumbini. Hapo unapata futi za mraba 312, zinatoa vyumba viwili vya 10 kwa 12 na korido inabaki, jumla vyumba vya kulala vitano. Bibi apewe chake, Shabani chake kidogo, Zaituni na watoto kimoja cha 10 kwa 12, mimi na mama yako kingine, masta mimi siitaki, mpe Mwajuma, na wewe ukija utalala kwa Shabani. Kila chumba madirisha mawili kuta tofauti, yenye grili, yalale wazi.

Najua ulitaka wageni wakija waone mwanangu amejenga. Naelewa kabisa. Nijibu kabla ya Alhamisi baba, kokoto zimeshamwagwa na Ijumaa naweka kamba za msingi.

Baba yako.