Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuacha ubeki

Mpwa wangu,

Jumapili ulivua njumu ukazitupa chini ya benchi, ukaniambia, "Mjomba, ubeki basi. Anayebebwa juu ni mfungaji." Sikukujibu pale. Ulikuwa na hasira, na nilichotaka kukuambia kisingesikika kwenye zile kelele. Nakuandikia hapa, na mabeki wenzako nao wasome.

Mjue José Nasazzi, beki mwenzako. Alizaliwa Montevideo, Uruguay, mwaka 1901. Kabla mpira haujampa jina alikuwa mchonga marumaru, na marumaru ukiipiga nyundo kwa pupa inapasuka, huwezi kuiunga tena. Timu yake ya mtaani ilikuwa Bella Vista. Timu ya taifa aliichezea mechi 41, nyingi akiwa nahodha, na hakufunga hata bao moja.

Enzi zile timu zilipangwa mabeki 2, viungo 3, washambuliaji 5. Wawili tu huko nyuma! Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 Uruguay ilicheza mechi 5, ikaruhusu mabao 2, ikachukua dhahabu. Mwaka uliofuata sheria ya kuotea ikabadilishwa. Zamani mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani 3 mbele yake, sasa 2 wakatosha. Mtego waliouzoea mabeki, wa kusogea mbele ili mshambuliaji aotee, ukalegea, na mabao yakaanza kumiminika. Nasazzi akaenda Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 chini ya sheria hiyo mpya, akarudi na dhahabu nyingine.

Halafu ikaja tarehe 30 Julai 1930, uwanja wa Estadio Centenario, Montevideo, fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Uruguay na Argentina zilishindwa kukubaliana hata mpira wa kuchezea, kila mmoja akitaka wake. Ikaamuliwa kipindi cha kwanza uchezwe mpira wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Dakika ya 37 Stábile akaifungia Argentina bao la pili. Nasazzi akamwendea refa, Langenus wa Ubelgiji, akidai mfungaji ameotea. Refa akalikubali bao.

Hapo ndipo ninapompendea, mjomba. Yuko nyumbani, mbele ya watu wake, nyuma 1-2 kwa bao ambalo moyoni mwake si halali. Walirudi kipindi cha pili na Argentina haikupata bao tena. Cea akasawazisha, Iriarte akaongeza, na dakika za mwisho Castro, aliyekuwa amekatika sehemu ya mkono, akamaliza kazi: 4-2. Nahodha wa kwanza kabisa kutwaa ubingwa wa dunia alikuwa beki.

Mwaka 1935, akiwa na miaka 33, alikwenda Lima, Peru, kwenye mashindano ya Amerika Kusini. Mechi 3, Uruguay ikafungwa bao 1 tu, na Argentina ikalala 3-0. Mchezaji bora wa mashindano akachaguliwa yeye. Leo uwanja wa Bella Vista unaitwa kwa jina lake.

Jumapili, dakika chache kabla ya filimbi, kipa wenu alikuwa ameshapitwa. Uliteleza kwenye tope ukautoa mpira juu ya mstari kwa ncha ya kiatu. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi niliona.

Njumu zako niliziokota. Nimezisafisha, na ile kamba iliyokatika nimeibadilisha. Pitia uzichukue kabla ya mazoezi ya Jumatano.

Mjomba wako