Risala ya Klabu ya Mazingira kwa mgeni wetu wa heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Asante kwa kufika, tunajua jam ya Nairobi ikinyesha asubuhi ni balaa. Kila mwaka klabu yetu husoma habari ya ndovu na simba, lakini hao washapata watetezi, leo tumekuja na samaki. Anaitwa ningu. Wazazi wa kutoka Nyanza naona washaanza kutabasamu, sisi tuliozaliwa Kayole na Umoja tunajua tu tilapia wa friji na mbuta wa Gikomba.

Ningu kwao ni Ziwa Victoria na mito ya huko. Shida ni kwamba hatagi ziwani, mvua kubwa ikianza anapanda mto, iwe ni Nzoia, Yala, Nyando, Sondu ama Kuja, anaenda hadi pale maji yamefurika kwa nyasi ndio anaweka mayai, sasa huyo mama na tumbo limejaa hivyo anakuta wavu umemtegea palepale mlango wa mto, hata yai moja hajaweka. Anayebahatika kupita anakuta sehemu zingine za nyasi zishageuzwa shamba. Nyavu za kutega ziliingia Ghuba ya Winam, huko huko ziwani, 1905, na kufika miaka ya 1950 ningu walikuwa washapungua vibaya. Watu hupenda kulaumu mbuta, na kweli mbuta aliletwa ziwani akamaliza samaki wengi, lakini kwa huyu ningu sisi watu ndio tulitangulia. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, saa hii imemweka kwa kundi la hatari kubwa kabisa, hatua moja tu kabla ya kuisha porini.

KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, nao wamejaribu kumzalisha kwa vidimbwi huko Kegati, Kisii, na hilo limetupa moyo sana.

Ombi letu mheshimiwa, ukikaa na wakubwa wa kaunti za ziwa waambie nyavu zitolewe milango ya mito msimu wa mvua, hatusemi mwaka mzima, mvuvi pia analipa karo. Halafu hakuna mwanachama hata mmoja hapa amewahi kuona ningu akiwa hai, tunaomba utusaidie na basi twende Kegati likizo ya Agosti. Tanki la maji la klabu pia linavuja, hiyo haikuwa kwa risala lakini katibu amekataa tuitoe.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Mazingira. Asante.