Makocha, wanyoosheni vijana viungo

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mwanangu wa miaka 14 aliinama kufunga kamba za viatu, akaguna kama babu yake. Nikamwambia aguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Mikono iliishia katikati ya muundi. Na huyu ni mchezaji wa kandanda!

Sikumlaumu. Umri huo mifupa hurefuka kwa kasi, misuli na kano huchelewa kuifuata, hasa nyuma ya paja. Ongeza saa za kukaa darasani, matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo, kisha simu kitandani, shingo imepinda kama ndoana.

Kinachoniudhi ni mazoezi ya timu za mtaani. Pale uwanjani kwetu Umoja, vijana hufika, huvuta miguu mwili ukiwa baridi, tena kwa kudundadunda, halafu mechi inaanza. Kwanza wakimbie polepole dakika 5 au 10, warushe miguu mbele na nyuma. Kule kunyoosha kwa kutulia kungoje mchezo uishe, sekunde 30 hivi kila mguu, bila kubana pumzi. Msuli ukivutika, sawa; ukiuma, aachie.

Makocha, tunaomba dakika 10 tu kabla hamjawaruhusu kwenda nyumbani. Mimi na mwanangu tunafanya sebuleni kila jioni wakati wa taarifa ya habari. Juzi alifika kwenye vifundo. Mimi bado niko magotini.

Mzazi,
Umoja, Nairobi