Ziara za shule Tsavo zifike na vijijini

Mhariri,

Kila msimu wa ziara, mabasi ya shule hupita hapa Voi yakielekea lango la Tsavo Mashariki. Watoto huona ndovu, hupiga picha, hula, kisha basi hushika barabara kuu ya Mombasa. Naziunga mkono ziara hizi kwa moyo wote. Lakini mimi ni mzazi na mkulima wa Sagalla, na naona watoto hao wanarudi makwao na nusu ya habari.

Ndovu wanaowashangilia mchana ndio wanaoingia mashambani mwetu usiku. Mahindi yakianza kukomaa, hatulali. Baadhi yetu huku tumezungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya apite, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao, naye anageuka mbio. Ngozi yake ni nene, ila nyuki humuuma palipo laini: kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Sisi tunabaki na mahindi, na asali juu yake. Hilo ni somo la sayansi na kilimo kwa pamoja, tena liko karibu na barabara wanayopita.

Reli nayo ni vivyo hivyo. Mwanangu alisafiri na darasa lake kwa treni ya SGR hadi Mombasa, akarudi na swali: mbona kuna daraja mahali pasipo na mto? Hakuna aliyewaeleza ndani ya behewa. Tuta la reli hii, iliyozinduliwa mwaka wa 2017, limekatiza mbuga iliyotengwa tangu 1948. Bila mapito yale ya wanyama chini ya daraja, ndovu wangezuiwa kufuata maji na malisho upande wa pili. Na walipofika mto Tsavo, mwalimu angewasimulia ya mwaka wa 1898, simba wawili walipowala wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli ya zamani, wengi wao Wahindi, hadi kazi ikasimama kwa muda. Simba hao sasa wako katika jumba la makumbusho Chicago. Inaniuma kwamba mtoto wa Chicago huenda anaijua habari hiyo kuliko mtoto anayepita juu ya mto wenyewe.

Kuhusu utamaduni, ngoma fupi ya kuwapokea wageni hotelini haitoshi. Wazee wetu Wataita walihifadhi mafuvu ya wahenga mapangoni, na mapango hayo yana miiko yake. Aketi mzee na watoto chini ya mti, waulize watakacho. Ninavyowajua watoto, maswali hayatakwisha.

Ombi langu kwa walimu wanaopanga ziara za muhula ujao: punguzeni sehemu za kutembelea, mtenge asubuhi moja kwa ajili ya vijiji. Mpitie kwa chifu mapema ili wazee na wakulima wajiandae. Na wanaotaka kuona mizinga wafike asubuhi na mapema, kwa sababu jua likipanda nyuki huwa wakali.

Mzazi na mkulima,
Sagalla, Taita Taveta