Mkufunzi wa uuguzi atengewe siku ya utafiti

Kwa Mhariri,

Wakufunzi wa uuguzi hapa Malindi husemwa kuwa hawaandiki makala za utafiti. Wasemao hayo waitazame ratiba yao kwanza. Asubuhi mkufunzi yumo wodini, macho kwenye kila sindano na kila kidonda kinachosafishwa, maana mwanafunzi akikosea anayeumia ni mgonjwa. Mchana ana darasa. Jioni inamngoja mitihani ya kusahihishwa. Utafiti unabakiwa na usiku.

Chukua kazi ndogo: kukagua iwapo patografu, yaani chati za kufuatilia maendeleo ya uchungu wa uzazi, zinajazwa sawasawa katika wodi ya kujifungulia. Haihitaji maabara, majalada ya miezi mitatu na fomu ya ukurasa mmoja yanatosha. Lakini pendekezo lazima lipite kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, ndipo iombwe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, halafu ruhusa ya idara ya afya ya kaunti, na mwisho ya hospitali yenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akiona kibali kinachelewa huanza kukusanya takwimu, kisha jarida makini linamrudishia makala, kwa sababu kibali hakihalalishi yaliyokwisha kufanywa. Na hata ukaguzi wa majalada tu, pasipo kumgusa mgonjwa, unahitaji kibali hicho.

Kusoma nako kuna kikwazo. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hufungulia taasisi zilizosajiliwa majarida ya kulipia, ila nywila ikibaki kwa mkutubi peke yake, mkufunzi ataishia kwenye mihtasari. Halafu yapo majarida ya ulaghai yanayoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja. Hayo ni ya kuepukwa kabisa. Hayapitii kazi, yanachukua ada tu.

Kilifi, mwendo mfupi kutoka hapa, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamekuwa wakitafiti tangu 1989. Hata hivyo, kwa nini patografu za zamu ya usiku zina mapengo, atakayeuliza swali hilo ni mkufunzi anayesimama pale kitandani.

Tunaomba vyuo vitenge siku moja kila wiki, iandikwe kwenye ratiba pamoja na jina la atakayeshika wodi siku hiyo. Bila jina hilo, siku yenyewe italiwa na upungufu wa watu kabla muhula haujafika katikati. Ada za kamati na za kuchapisha zilipwe na chuo, zisitoke kwenye mshahara wa mkufunzi.

Wakufunzi wa uuguzi,
Malindi